Umeme wa Kwaya

Mama aliyeniuzia mayai katika soko la mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, aliamini kwamba mimi si mzima kichwani. Wateja wake wote walitaka mayai mabichi. Waliyatikisa sikioni, waliyainua kwenye jua, na wakiona doa la damu waliyarudisha wakinuna. Mimi nilitaka yale ambayo kuku ameyalalia zaidi ya juma moja. Aliyaleta kutoka kijiji cha Lweba yakiwa yamefungwa ndani ya kitenge, mgongoni, kama mtoto mchanga, na kila aliponikabidhi aliniuliza swali lile lile.

"Prof, unayakula?"

"Hapana, mama. Niko nayasomesha."

"Kumbe! Mayai inasoma, na batoto betu beko tu mu barabara."

Majirani zake wa meza walicheka, nami nilicheka, nikapanda pikipiki na mayai yangu nikiwa nimeyakumbatia kifuani. Siku hizo nilikuwa mtu wa kucheka ovyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kifaranga cha umri ule, kandokando ya uti wa mgongo, kuna vifungu vya seli za neva vidogo kuliko punje ya mchanga. Nilivitoa chini ya darubini kwa sindano mbili, nikazitenganisha zile seli, nikazimwaga kwenye visahani vyenye maji ya lishe, kisha nikangoja kuona kama zitaishi. Hiyo tu. Kuishi kwa seli ya neva nje ya mwili si jambo dogo. Ngozi ikikatika huota nyingine, lakini neva ina madaha. Inataka joto la mama yake, chumvi zake kwa kipimo chake, hewa yake, na zaidi ya yote inataka kuitwa. Mwilini, seli nyingine huiita kila wakati kwa umeme mdogo, na ile isiyoitwa hukunja nyuzi zake na kufa. Mafundi wenye fedha huipa dawa maalumu ya kuikuza. Mimi niliidanganya kwa chumvi ya potasiamu. Ukiiongeza kidogo kwenye maji, umeme wa ngozi ya seli unavurugika, kalsiamu inaingia taratibu, na seli inaona kama imeitwa, basi inaishi. Ukizidisha, umeiua.

Haya niliyajifunza miaka ya masomo yangu upande wa pili wa ziwa. Profesa wangu alipostaafu alinipa darubini yake kuukuu na chupa kadhaa, akanitakia heri. Nilirudi Baraka kufundisha wauguzi, na Direkta wa chuo akanipa chumba kilichokuwa cha kutupia mabenchi yaliyovunjika. Alinipa mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Wageni wa chuo kikuu wangekuja kutukagua, naye alitaka wao waone kwa macho yao seli zilizo hai. La sivyo chumba kingekuwa cha kompyuta. Kompyuta zenyewe hazikuwapo, lakini chumba chake kilikuwa kimeshatajwa kwenye mkutano.

Lakini sikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya wageni. Nilifanya kwa ajili ya mdogo wangu, binti pekee wa mama yetu. Mwaka tuliokimbilia milimani kwa sababu ya vita alikuwa bado msichana mdogo anayeruka kamba. Kule juu hatukuwa na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wala maharage, tulikuwa na mihogo michungu basi. Nyumbani mihogo ile hulowekwa siku kadhaa mpaka ilainike na kunuka, ndipo uchungu, ambao ndio sumu yake, unatoka. Kule nani angengoja? Kina mama waliitumbukiza jioni kijitoni na kuiopoa asubuhi, wakaikausha juu ya mawe, wakatwanga, tukala. Tulikula bugali ile ile, kwenye sahani ile ile, yeye na mimi. Asubuhi moja alitaka kusimama, miguu ikakakamaa. Haikulegea tena. Tangu hapo anatembea na fimbo mbili, magoti yakigongana.

Aliniuliza siku moja, tumesharudi, amekaa ukingoni mwa ziwa akinitazama ninavyoogelea: "Yaya, juu ya nini mimi, na hapana we?"

Kwetu yaya ni kaka mkubwa, na kaka mkubwa hutazamiwa kujua. Nilisomea biolojia kwa sababu ya swali hilo, na nikiwa na seli zangu kwenye kisahani, hatimaye ningeweza kuliuliza vizuri. Ningeziwekea maji ya mihogo iliyolowekwa usiku mmoja, nyingine maji ya mihogo iliyolowekwa sawasawa, nyingine na chakula pungufu, nione zipi zinakufa na kwa nini. Ila huwezi kuuliza kilichomuua mtu ambaye anakufa hata bila kuguswa. Kwanza zilipaswa kuishi.

Aliyenijengea sanduku la joto ni rafiki yangu. Tulianza naye shule ya msingi Nundu, tukachapwa fimbo kwa makosa yale yale, na sasa alikuwa anafundisha fizikia chuoni kwetu. Alichukua friji iliyokufa, akaipasua, akaweka taa ndani, akaunganisha kifaa cha kupimia joto kinachoiwasha na kuizima taa, na vyote vikala umeme wa batri iliyochajiwa na paneli za jua juu ya paa. Ndani ya friji nilipanga mtungi wa kioo. Visahani vinaingia mtungini, unawasha mshumaa mfupi kando yake, unafunga kifuniko kwa mafuta ya mgando. Mshumaa unazimika wenyewe, na hewa inayobaki ndiyo seli zinaipenda. Watu wa kule nilikosomea wangecheka. Wacheke. Seli zangu za kwanza ziliishi. Zilitoa nyuzi nyembamba, zikatafutana, zikashikana. Nilimwita rafiki yangu aangalie, akatazama kwa muda mrefu, akanipiga bega na kusema, "Ndugu, tumezaa."

Tumezaa. Nalikumbuka neno hilo kwa uchungu.

Yeye pia ndiye aliyekuwa maestro wa kwaya yetu. Kanisa letu liko ukuta kwa ukuta na chuo, na mimi niliimba besi, mstari wa nyuma. Mdogo wangu aliimba soprano. Hapo lazima niseme haki yake huyo mtu, hata kama sipendi kuisema. Mdogo wangu alipojiunga, aliimba amekaa huku wengine wamesimama, na alikuwa anainamisha uso. Juma lililofuata maestro aliingia, akaamuru kwaya nzima ikae. Mpaka leo ile kwaya huimba imekaa, na ikialikwa Fizi au Nundu hubeba viti vyake, watu wanashangaa. Hakutoa sababu, na hakuna aliyeiuliza.

Kisha jenereta la kanisa likafa. Kinanda kikanyamaza, mazoezi yakapwaya, vijana wakaanza kutafuta kwaya nyingine zenye vyombo. Mdogo wangu alikuwa ananiambia nyumbani, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mgonjwa, "Leo tulikuwa bachache." Halafu alasiri moja tulikuta kinanda kinalia na spika inanguruma. Maestro alitutangazia kwamba mtu mwema, ambaye hataki jina lake litajwe, ametupatia batri. Tulipiga makofi. Tuliombwa tumwombee. Niliinamisha kichwa na kumwombea mtu huyo afya, na Mungu ampe mara dufu.

Kipindi hicho ndipo seli zangu zilipoanza kufa.

Zilikufa vibaya. Jana nimeziona zimetandaza nyuzi, leo zimekuwa vidonge vyeusi vinavyoelea. Mtu angefikiri ningeshuku umeme, lakini kila nilipofungua friji kipimajoto kilichoning'inia karibu na mlango kilionyesha joto lile lile la haki. Tena siku hizo hizo nilikuwa nimefungua chupa mpya ya potasiamu. Basi nikaikamata potasiamu kama mtu aliyekamata mwizi. Niliipunguza, zikafa. Niliiongeza, zikafa. Nikaacha potasiamu nikayashuku maji. Nikayachemsha upya, nikayachuja upya. Nikayatazama maji ya lishe, ambayo huwa mekundu na hugeuka njano yakichacha. Yalikuwa mekundu yametulia, yananicheka. Nikabadilisha mshumaa. Nikabadilisha mpaka kuku.

Nyumbani nikawa mtu wa kununa. Nilikula bugali nikiwa nahesabu chumvi kichwani. Mdogo wangu aliniandalia maji ya kuoga na kuniuliza kwa upole, "Zimekufa tena?" Nikamweleza yote, kipimo kwa kipimo, naye akasikiliza mpaka mwisho. Mara moja aliniambia, "Labda uache kwanza, yaya. Upumzike." Nilidhani ananihurumia.

Na rafiki yangu? Alikaa nami chumbani, mikono mfukoni, akasoma karatasi zangu za hesabu. "Mi naona ni chumvi," aliniambia. "Kemia haiko kazi yangu, lakini naona ni chumvi." Kwenye mazoezi alinisifu kuliko zamani. Besi yako ndiyo nguzo, usikose, usitoke katikati, ukitoka wimbo unaanguka. Nami, mjinga wa watu, nilikaa pale kama nguzo kweli. Mazoezi yakiisha nilibaki kupanga mabenchi, kwa kuwa ndiyo zamu ya besi tangu zamani, na mdogo wangu, ambaye hawezi kwenda haraka, alitangulia kunisubiri chumbani kwangu. Nikimaliza nilipita kuzitazama seli, nikaona kipimajoto kiko sawa, nikafunga, tukapanda pikipiki kwenda nyumbani.

Siku yenyewe nilikuwa nimebadilisha maji ya lishe mchana, na katikati ya wimbo nikaingiwa na shaka kwamba sikufunga vizuri kifuniko cha mtungi. Shaka ya namna hiyo haikuachi uimbe. Nikainuka. Maestro alininyooshea mkono, akatikisa kichwa, akaniamuru kwa macho nikae. Nilitoka.

Taa ya friji ilikuwa imezimwa. Niligusa ukuta wake wa ndani, ulikuwa vuguvugu. Waya wa batri haukuwa mahali pake. Ulikuwa umeunganishwa na mwingine, mweusi, ambao sikuwahi kuuona, nao ukateremka nyuma ya kabati, ukapita kwenye tundu la mijusi chini ya dirisha. Nilitoka nje nikaufuata kwa mkono. Ulikuwa umefukiwa kidogo mchangani, kwa uangalifu, kazi safi ya mwalimu wa fizikia. Ukaingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Nikaingia nao. Ulipita chini ya jamvi, ukapanda, ukaishia kwenye kinanda.

Nilisimama nyuma yao nikiwa nimeshika ule waya. Soprano walikuwa wanapanda juu, na sauti ya mdogo wangu ilikuwa imetangulia mbele ya nyingine, nyembamba, haina woga. Niliuvuta. Kinanda kikakatika. Wao waliendelea kidogo bila kinanda, wakageuka mmoja mmoja, wakaniona.

Yule mtu mwema ambaye hataki jina lake litajwe alikuwa mimi. Nilijiombea mwenyewe, na nikasema amina.

Maestro aliwaruhusu watu. Walitoka. Tukabaki sisi wawili, na mdogo wangu kwenye kiti chake, fimbo zimelazwa sakafuni.

"Ndugu, kwaya ilikuwa inakufa," alisema.

"Na seli zangu?"

"Ile ni mayai tu. Kuku anataga kila siku. Bantu ba kwaya, bakienda, habarudi."

"Umekaa na mimi pale ndani. Ukasema ni chumvi."

Aliinama, akarudisha jamvi mahali pake. Kisha, nadhani kwa kutaka kunituliza, akaniambia kwamba hakuziacha hata siku moja zikae na baridi. Mazoezi yakiisha, alisema, wakati napanga mabenchi, alikimbia chumbani, akaondoa kile kifaa cha kuizuia taa, akaweka taa kubwa, ili joto lirudi haraka kabla sijaingia. Halafu akarudisha kila kitu. Alitoa ile taa kwenye mfuko wa koti anionyeshe. Kubwa, kioo chake kimeungua weusi.

"Niliangalia sana usipate shida," akasema.

"Peke yako? Gizani, bila kugonga hata kisahani kimoja?"

Aliniachia ile taa mkononi. Mdogo wangu ndiye aliyejibu.

"Yaya, usimupigie makelele. Mi ndiye nilikuwa namumulikia."

Alisema akinitazama usoni. Ni yeye aliyekuwa akishika tochi ya simu, akaelekeza mwanga pale panapohitajika, kisha akazima na kukaa kwenye kiti changu, na mimi nikaingia nikamkuta hapo, nikamuuliza kama amechoka. Jioni zote zile. Na nyumbani akaniuliza kama zimekufa tena.

Sikupiga kelele. Ile besi yote ilipotelea sijui wapi. Niliwahi kudanganywa na wafanyabiashara, na wanasiasa walitudanganya wote pamoja, lakini hao unawatazamia. Hawa wawili ndio niliokuwa nikiwasimulia kila kitu. Usiku ule nilimpakia kwenye pikipiki kama kawaida, akanishika kiunoni kama kawaida.

Kesho yake nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Niliweka ile taa kubwa bila kile kifaa, na joto la mlangoni lilipofika la haki, nikaondoa kipimajoto nikakilaza juu kwenye rafu, pale mtungi unapokaa. Kilipanda, kikapanda, kikafika mwisho wake. Kule mlangoni joto la haki, huku juu tanuri. Nilikaa chini. Seli za neva huvumilia baridi ya saa chache. Zinapunguza mwendo, zinasubiri. Joto kali hazilivumilii. Kama wangeniibia umeme tu na kuniachia friji ya baridi, ningekuta kipimajoto kimeshuka, ningegundua mara ya kwanza, na seli nyingi zingekuwa bado hai. Zilichomwa na kule kunificha.

Nilibadilisha kitasa, maana maestro alikuwa na ufunguo tangu alipojenga sanduku. Nikachukua mayai mapya kwa yule mama, nikarudisha potasiamu kwenye kipimo cha zamani, na zikaishi. Zilitandaza nyuzi zikashikana, juma likapita, zikawa bado zinang'aa. Wageni walikuja, wakainama kwenye darubini kwa zamu, Direkta naye akainama, akasema "Ah!" kwa sauti kubwa ingawa nina hakika alifumba jicho lisilopaswa. Chumba kikabaki changu.

Kwaya sikurudi. Maestro alinitumia salamu kupitia watu watatu, sikuzijibu, na mpaka leo tukikutana uani mwa chuo tunaamkiana kama watu wa ofisi. Kumbe hata mdogo wangu alikuwa ameacha. Sikumkataza. Siku za mazoezi alikaa nyumbani, mlangoni, akichagua mchele, na kupitia ukuta wa chumba changu niliwasikia wenzake wakiimba bila kinanda, bila mimi na bila yeye.

Nilimleta azione. Nitasema ukweli, nilitaka aone alichokuwa anamulika. Nilimkalisha kwenye kiti kile kile, nikawasha taa ya darubini, akaweka jicho. Alitazama mpaka nikadhani amelala.

"Biko bizima?"

"Bizima."

"Na sasa utabitia maji ya mihogo."

"Ndiyo. Nijue juu ya nini we, na hapana mi. Si uliniuliza?"

Aliinua kichwa. "Yaya, niliuliza siku moja. Nilikuwa mutoto, uko naogelea. Sikuuliza tena." Akagusa goti lake. "Miguu itarudi?"

"Hapana."

"Pale kwa kwaya, mi nilikuwa nasahau kama niko na miguu. Saa ile tu. Kinanda ikizima, naikumbuka."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ungezima."

Ningezima. Alinijua vizuri, na hilo liliniumiza kuliko tochi. Nikamwambia, kwa sauti iliyotoka kavu kuliko nilivyotaka, kwamba batri inaweza kugawanywa. Kwamba nikijua mapema, naweza kuwapa umeme saa za mazoezi na seli zikavumilia baridi, mradi mtu asiziguse. Kwamba anaweza kurudi kuimba.

Alirudisha jicho kwenye darubini, akazitazama tena zile nyuzi zilizoshikana.

"Sasa nimebiona," alisema. "Nitafungua kinywa namna gani?"

Aliokota fimbo zake, akainuka kwa ile namna yake ya vipande vipande. Mlangoni aligeuka akaniomba nizime taa ya darubini, isije ikamaliza batri.